Majina Elfu Tano Chini ya Makala Moja

Kipindi chetu ni kifupi, na leo ni bora kiwe hivyo. Ninayo hapa mezani makala moja ya fizikia, na nikianza kukusomea majina ya waandishi wake, sekunde mbili kwa kila jina, bila kunywa maji wala kupisha taarifa ya habari, nitamaliza baada ya karibu saa tatu. Makala hiyo ilitoka Mei 2015 katika jarida la Physical Review Letters. Waandishi wake ni 5,154. Ina kurasa 33: kurasa 9 za sayansi yenyewe pamoja na marejeo, na kurasa 24 za majina ya watu na taasisi zao.

Kilichomo ndani ni kipimo kimoja tu, uzito wa chembe iitwayo Higgs. Wananadharia walisema mwaka 1964 kwamba chembe ya namna hiyo lazima iwepo, ikatafutwa karibu nusu karne, na tarehe 4 Julai 2012 pale CERN, kituo cha utafiti kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva, vikundi viwili vikatangaza kwamba vimeiona. Vikundi hivyo ni ATLAS na CMS. Kila kimoja kina mtambo wake na kilifanya hesabu zake mbali na mwenzake, makusudi, ili kimoja kikikosea kingine kiumbue kosa. Baada ya miaka mitatu wakaunganisha vipimo vyao na kutoa jibu moja: gigaelektronivolti 125.09, yaani kama mara 133 ya uzito wa protoni. Kazi ilikuwa ya wote, basi wote wakatia majina.

Sasa swali la haki kabisa: watu elfu tano wanaandikaje kurasa tisa? Hawaandiki. Wanaoshika kalamu ni wachache. Rasimu ikiwa tayari, inasambazwa kwa kikundi kizima, na hapo maoni yanaanza kumiminika: huyu analalamikia mchoro wa tatu, yule anadai hesabu ya makosa imefanywa kwa haraka, mwingine yuko Japani na ameona neno limerudiwa. Kamati ya wahariri wa ndani inapaswa kuyajibu. Makala inapofika kwa mhariri wa jarida imeshapekuliwa na macho mengi kuliko yatakayoisoma baada ya kuchapishwa, naomba wanafizikia wanisamehe kwa kusema hivyo.

Majina yamepangwa kwa alfabeti. Ndiyo maana makala nyingi za ATLAS hutajwa duniani kwa jina la G. Aad, mtafiti wa Marseille, Ufaransa, aliyebahatika kuzaliwa katika ukoo wenye herufi mbili za A mwanzoni. Kuna miaka alipitwa na M. Aaboud wa chuo kikuu cha Oujda, Morocco, na jina la Mwafrika huyo likawa mwanzoni mwa marejeo ya fizikia kila mahali. Hakuna anayefikiri kwamba mmoja wao alifanya kazi kuliko wenzake, na wala hakuna njia ya kujua kwa kutazama orodha. Hapo ndipo ugumu ulipo. Katika daftari la michango ya harusi, mweka hazina wa kamati huandika kiasi mbele ya kila jina, safu moja ya ahadi na nyingine ya taslimu, na aliyeahidi laki akatoa elfu ishirini anajulikana. Orodha ya CERN ni daftari ambalo safu zote za fedha zimefutwa.

Hata hivyo, kuingia humo si bure. Mtafiti mpya wa ATLAS hupewa kwanza kazi ya manufaa ya wote, na huitumikia kwa sehemu ya muda wake kwa takriban mwaka mmoja, kabla ya jina lake kukubaliwa. Huenda akasawazisha vipimo vya sehemu moja ya mtambo. Huenda akaandika programu ya kuchuja migongano ya chembe, ambayo huweza kufikia bilioni moja kwa sekunde na mingi sana lazima itupwe papo hapo. Akishakubaliwa, jina lake linaingia katika kila makala ya kikundi, hata ile ambayo hakugusa hesabu yake. Hoja yao ni kwamba hesabu hiyo isingekuwepo bila kazi yake. Mtambo wenyewe una urefu wa mita 46, kimo cha mita 25, uzito wa tani 7,000, na umekaa kwenye pango mita 100 hivi chini ya ardhi. Nani atathubutu kusema kwamba aliyeunganisha nyaya zake ana haki ndogo kuliko aliyechora grafu? Lakini waliochimba pango hawamo katika orodha. Mpaka umewekwa mahali fulani, na waliouweka ni watu.

Madaktari wameuweka mahali pengine. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na kutokana na mkutano huo yakaja masharti ambayo leo ni manne. Mwandishi awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua. Awe ameandika au kuhariri kwa kina. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Hili la nne liliongezwa mwaka 2013. Ukiyatumia kwa ukali wake, wengi kati ya wale 5,154 wanaanguka kwenye la pili. Lakini hata tiba yenyewe haikuweza kuyashika kila mara. Mwaka 1993 utafiti ulioitwa GUSTO, wa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, ulihusisha wagonjwa 41,021 katika nchi 15 na ukatoka na waandishi 976. Wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya mzaha ya kule Marekani, tena ya fasihi, kwa kuchapisha makala yenye waandishi mara mia ya idadi ya kurasa zake. Miaka 28 baadaye, 2021, utafiti wa upasuaji wakati wa Uviko ukaingia kitabu cha rekodi cha Guinness ukiwa na waandishi 15,025. Hiyo haikuwa mzaha.

Na kwa kuwa tumeanza kucheka, niseme la paka. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington wa Michigan aliandika makala peke yake huku akisema “sisi” mwanzo hadi mwisho. Akatahadharishwa kwamba jarida halitapokea “sisi” ya mtu mmoja. Kupiga taipu upya makala nzima zama zile kulikuwa adhabu, kwa hiyo akaongeza mwandishi wa pili, F. D. C. Willard, ambaye ni paka wake wa nyumbani. Makala ikachapishwa, tena katika jarida lile lile la Physical Review Letters.

Kichekesho hicho kinatufikisha kwenye jambo lenyewe. Paka anaweza kuwekwa kwenye orodha. Hawezi kujiondoa. Mimi naona hapo ndipo pa kupimia kama jina lina uzito. Usiniulize tu mtu aliingiaje kwenye orodha; niulize kama angeweza kutoka, na kama kutoka kwake kungesikika. Mifano ipo, na ni mizuri.

Oktoba 2008, kikundi cha CDF, chenye watafiti kama 600 katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago, kilitoa makala kuhusu muoni, ambazo ni chembe za jamii ya elektroni ila nzito zaidi. Katika data zao walikuta muoni nyingi kuliko zilizotarajiwa, na baadhi zilionekana kuzaliwa mahali ambapo hazikupaswa kuzaliwa, nje ya bomba linalopitisha miali. Ama lilikuwa jambo jipya kabisa la maumbile, ama ni dosari ya mtambo ambayo hakuna aliyeielewa. Kikundi kilibishana ndani kwa ndani kwa miezi. Mwishowe makala ikatoka bila majina ya kiasi cha theluthi moja ya wanakikundi. Wasomaji wa fani ile hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Walihesabu majina, wakaona pengo, wakajua kwamba ndani ya nyumba kuna wasiwasi. Kikundi jirani, DZero, kilitazama data zake kikatafuta ziada hiyo na hakikuiona.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya OPERA. Hawa walikuwa wakipima neutrino zinazotoka CERN na kupenya ardhini kama kilomita 730 hadi maabara ya chini ya mlima Gran Sasso, Italia. Septemba 2011 walitangaza kwamba neutrino zao zimefika kabla ya muda, kwa nanosekunde 60 hivi, yaani zimeipita kasi ya mwanga. Ulimwengu mzima ukataharuki. Magazeti yakamzika Einstein mara ya pili. Lakini baadhi ya wanakikundi walikuwa wamekataa kutia majina kwenye makala ile. Kwa maoni yao ilikuwa mapema mno, na ukaguzi zaidi ulihitajika.

Ningependa kukuambia kwamba hao waliokataa walisimama imara mpaka mwisho wakathibitishwa. Haikuwa rahisi hivyo. Novemba jaribio lilirudiwa kwa namna iliyoboreshwa, jibu likaja lile lile, na wengi wa waliokuwa wamegoma wakakubali kusaini, huku wengine wachache waliosaini mwanzo wakijitoa. Februari 2012 ikabainika kwamba waya wa nyuzi za mwanga, uliokuwa ukileta saa kutoka kwenye kipokezi cha setilaiti, haukuwa umekazwa sawasawa. Waya! Mwezi Machi msemaji wa kikundi, Antonio Ereditato, na mratibu wake wa fizikia, Dario Autiero, wakajiuzulu. Walioondoa majina Septemba hawakuwa na habari ya waya. Walichokuwa nacho ni shaka na mahali pa kuiandika, na mahali penyewe palikuwa orodha ya majina. Orodha hiyo, ambayo watu wa nje huidharau kama foleni ya watu wanaotaka sifa za bure, ilifanya kazi ambayo hakuna aya yoyote ndani ya makala iliyoifanya.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema majina elfu tano ni upuuzi, huwa namuuliza: angependa tuandike nini badala yake? Kuna wanaopendekeza jina la kikundi peke yake, “ATLAS”, basi. Ni nadhifu. Lakini kikundi hakiwezi kujitoa kwenye makala yake chenyewe.

Kamati ya Nobel haina shida hii, maana sheria yake inaruhusu watu watatu tu kwa tuzo moja ya sayansi. Mawimbi ya uvutano yaliyonaswa tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo miwili ya LIGO kule Marekani yaliripotiwa Februari 2016 na waandishi kama elfu moja. Mwaka 2017 tuzo ikaenda kwa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne. Ronald Drever, mmoja wa waasisi watatu wa mradi, alikuwa amefariki Machi mwaka huo huo, na Nobel haipewi marehemu. Tuzo nyingine, ya Breakthrough, ilijaribu njia tofauti mwaka 2016. Ilitoa dola milioni tatu kwa kazi hiyo hiyo: milioni moja ikagawanywa kwa waasisi watatu, Drever akiwemo akiwa hai, na mbili zikagawanywa sawasawa kwa watu 1,012. Kila mmoja alipata karibu dola elfu mbili. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini mtu alihesabiwa.

Na hapa nije kwetu, kwa maana kuhesabiwa ndiko kulikotupita mara nyingi.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Daktari kijana Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alipelekwa huko. Akachukua sampuli za damu kwa mikono mitupu, bila glavu, na kwa rehema ya Mungu hakuambukizwa. Alirudi Kinshasa na mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai. Virusi vilivyomo tunaviita Ebola. Kwa miongo kadhaa, simulizi iliyosomwa zaidi Ulaya na Marekani ilianza pale chupa ilipofunguliwa maabara. Nani aliishika sindano huko Kongo, hilo lilikuwa la kutajwa kwa kupita, likitajwa.

Muyembe hakukaa akinung'unika. Alisubiri, akafanya kazi, akawa mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kibaiolojia pale Kinshasa. Ebola ilipovamia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, ukaanzishwa utafiti wa kulinganisha dawa nne, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Huko, msikilizaji, watu wanazungumza lugha hii hii ninayokusemesha, na utafiti wenyewe ulipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Ulikuwa wakati mbaya. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwanzoni mwa 2019. Wauguzi waliendelea kugawa dawa, kuandika kumbukumbu na kuchukua damu. Wagonjwa 681 waliingizwa katika utafiti, na Agosti 2019 ukasimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuwa bora kuliko nyingine. Moja ya hizo mbili inatokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola mjini Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Makala ilipotoka Desemba katika New England Journal of Medicine, jina la kwanza lilikuwa la Sabue Mulangu, Mkongo, na Muyembe alikuwa miongoni mwa waandishi.

Huo ulikuwa utafiti wa mashirika makubwa na fedha za Wamarekani ndani yake, na bado jina la mbele likawa la mtu wa pale. Haikutokea kwa bahati. Mambo kama hayo hukubaliwa mwanzoni, kabla ya sindano ya kwanza, na hukubaliwa pale tu palipo na mtu wa kuyadai.

Tuna mfano mwingine, mkimya zaidi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kuanzia 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kwa Tanzania ilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa Kenya, Kilifi, Kombewa na Siaya. Ripoti zake kuu zilitoka kwa jina la ushirika, na majina ya watu yakawekwa mbali na kichwa cha makala. Naelewa sababu: vituo 11, nani atangulie? Ila mtaalamu wa maabara wa Korogwe aliyesoma slaidi za damu kwa miaka mitano akiomba nafasi ya masomo Ulaya, kamati itakayomchuja itatafuta jina lake kwa haraka, itakuta jina la ushirika, na itaendelea na mwombaji mwingine.

Kamati zetu wenyewe za kupandisha vyeo nazo zisijifiche. Ukichukua alama ya makala na kuigawa kwa idadi ya waandishi, mwanafizikia wa CERN atastaafu akiwa mhadhiri msaidizi. Ukiacha kuigawa, atakuwa profesa akiwa na miaka thelathini, kwa sababu ana makala mia tano. Njia zote mbili ni za kivivu. Wenyewe wa ATLAS, wanapotaka kuajiri kijana, hawaangalii sana orodha. Wanampigia simu msimamizi wake na kuuliza alifanya nini hasa.

Siku hizi majarida mengi yameanza kuandika hilo mwishoni mwa makala, kwa utaratibu wenye majukumu 14. Nani alibuni wazo, nani alikusanya data, nani aliandika programu, nani alitafuta fedha, nani alisimamia. Katika hayo 14, kuandika kumepewa nafasi mbili tu, rasimu na uhariri, na nadhani hilo ni sawa kabisa. Kwa kijana anayeingia kesho kwenye mradi wa nchi saba, huo ni ukurasa wa kuuchapa na kwenda nao kwenye kikao cha kwanza: mimi nitakuwa safu ipi, na itaandikwa wapi? Aulize kabla hajavaa glavu.

Ila nimeyasoma yote 14 na sikuona mahali pa wale watu wa CDF, theluthi moja ya kikundi, waliofanya kazi miaka, wakasoma rasimu, wakapinga, wakaondoa majina yao. Mimi ningewaongezea la 15. Kama kuna mhariri wa jarida anayetusikiliza na anaweza kuniambia kwa nini haliwezekani, simu ziko wazi.